Uzi kuhusu nyuzi: fitingi ya oili ikiingia raundi moja na nusu ikagoma, usimwachie fundi aikamate spana

Noah_Kwerekwe (mleta uzi)

Asalaam aleykum wanajamvi. Nimejifikiria sana uzi huu niuweke au niuache maana aibu ni yangu mwenyewe, lakini nishaona watu wawili watatu humu wanauliza habari ya kufunga geji ya oili au kuongeza rejeta ndogo ya gia boksi, na jawabu wanayopewa ni "nenda duka la spea kaseme nataka adapta". Adapta ipi sasa? Hapo ndo nilipoliwa mie.

Kisa chenyewe. Nina Toyota Noah ya zamani, injini 3S. Taa ya oili ikaanza kumetameta ikiwa sailensa (injini inazunguka tu bila kukanyagwa mafuta), hasa nikikwama foleni ya Darajani mchana na jua lile. Nikasema nisibahatishe, nifunge geji ya sindano nijue presha ni ngapi kabla kila mtu hajanambia injini ishakufa. Jamaa akanipatia geji ya Kimarekani mpya kwenye boksi, mna sensa yake na fitingi ya njia tatu ili swichi ya taa ibaki na sensa ikae pembeni. Imeandikwa 1/8. Nikauliza swichi ya Toyota saizi gani, nikaambiwa 1/8. Nikajua khalas, moja ya nane na moja ya nane ni ndugu.

Fundi akaitoa swichi, akaingiza ile fitingi kwa mkono, ikaenda raundi moja na nusu ikagoma. Akasema kawaida hiyo, thredi (yaani hizo nyuzi za kufungia) za oili zinakuwa kama kabari, kaza tu. Akashika spana. Ikaingia nusu raundi nyengine inalia kiiii, moyo unanienda mbio lakini nimenyamaza, nani anambishia fundi? Tukawasha, oili inachirizika. Akatoa, akaviringa tepu nyeupe mpaka ikawa kama kidole kilofungwa bendeji, akarudisha. Inavuja vilevile ila pole pole. Asubuhi chini ya gari pana ziwa.

Baadae ndo nikaja kujua kuwa 1/8 ya Toyota ni BSPT, thredi ya Kiingereza ambayo Wajapani wameirithi, ina meno 28 kwenye inchi moja na pembe ya jino ni digrii 55. Ile ya boksi ni NPT ya Kimarekani, meno 27, pembe 60. Halafu unene, BSPT inakuja karibu milimita 9.7 na NPT ni kama 10.3. Jino moja tu tofauti katika inchi nzima! Ndo maana inakubali mwanzo, ukienda mbele ile tofauti inajikusanya mpaka inakaba. Na ukiilazimisha hazibebani, zinatafunana.

Kwa hiyo mie nasema hivi, kabla hujatoa pesa ujue thredi yako ni ipi hasa, na ujue inaziba wapi. Hilo la pili watu hawalijui kabisa. Kuna fitingi inaziba kwenye thredi zenyewe, kuna inaziba kwenye wosha, kuna inaziba kwenye oringi (pete ya mpira), kuna inaziba kwenye kile kikoni cha ndani, kilochongoka kama pia, na thredi pale kazi yake ni kubana tu. Ukikosea hapo tepu ya duka zima haikusaidii.

Alhamdulillahi bloki ya 3S ni chuma na fitingi ilikuwa brasi, iloliwa ni brasi. Ingekuwa Toyota IST yenye injini 1NZ, bloki aluminiamu, saa hizi nalia.

chaimaharage

Uzi kuhusu nyuzi mashaallah 😂 umenifurahisha. Lakini yakhe, hizo 27 na 28 mie nitazihesabu vipi? Macho yenyewe haya. Na dukani ukianza kutaja digrii 55 muuzaji anakuangalia kama umechanganyikiwa, yeye anajua kubwa na ndogo.

Noah_Kwerekwe

Kuna geji ya thredi, ile kama visu vingi vimekunjwa pamoja, unachomeka kisu kimoja kimoja mpaka kimoja kikae bila mwanya. Ukiwa huna, fanya kama nilivofanya mie kuchelewa: chukua swichi ya zamani ilotoka kwenye gari na fitingi unayotaka kununua, zilaze ubavu kwa ubavu thredi kwa thredi, uzinyanyue kwenye mwangaza. Kama ni ndugu meno yanaingiliana mwanzo mpaka mwisho huoni kitu. Kama si ndugu utaona mwanga unapenya, kidogo upande mmoja na zaidi upande wa pili. Dukani unafanya hapo hapo kwenye kaunta, huhitaji kumwambia mtu digrii.

Ndo maana siku hizi siendi dukani bila kipande cha zamani mfukoni. Mke wangu kila akifua anakuta nati.

Na angalieni kuna mdudu wa tatu, M10 ya pichi 1.0, yaani milimita moja jino hadi jino. Hii unaikuta kwenye gari za Kijerumani, swichi za oili za VW ni hivo. Kwa jicho haina tofauti na BSPT ya 1/8, milimita 10 kwa 9.7 utaona wapi? Boksi nyengine za geji zinakuja na adapta nne tano ndani, ukaokota hiyo ukafikiri ndo yenyewe.

FundiBomba_Fuoni

Mie ni fundi bomba si fundi gari, ila hapa mmeingia kwenye kazi yangu. Thredi zote za mabomba ya maji hapa kwetu ni BSP, hiyo hiyo ya Kiingereza. Na hapo ndo watu wanapochanganyikiwa, ile nusu inchi ukiipima kwa venia (kipimo cha unene) unapata karibu milimita 21, wala si 12.7. Jina linatokana na tundu la bomba la zamani, si unene wa thredi. Ndo maana 1/8 yenu inapima karibu sentimita moja wakati moja ya nane ya inchi kwa hesabu ni milimita 3 na kidogo. Mtu akija na rula ananunua kitu chengine kabisa.

Lakini tepu msiitukane bwana. Katani na tepu nimeziba nazo mabomba tangu Bububu mpaka Kizimkazi, hakuna linalovuja. Fundi wako hakukosea kuweka tepu, labda aliviringa kinyume.

Mzee_wa_Rejeta

Fundi bomba mwanangu, bomba la maji lina bar 2 au 3, limetulia ukutani, halitikisiki na halipati moto. Oili ya injini asubuhi ikiwa baridi inafika bar 4 mpaka 5, imechemka baadae na inatetemeka mchana kutwa. Stelingi pampu hiyo inapiga bar 80 na zaidi. Breki ukikanyaga kwa nguvu unapita 100. Usizilinganishe.

Tepu ina mahala pake. Thredi ya kabari, yaani ile inayonenepa kadiri inavoingia, BSPT na NPT, hiyo inaziba kwenye meno, na hata ikikaa sawasawa inabaki na njia nyembamba inayozunguka na jino. Tepu inaziba hiyo njia na inalainisha ukikaza. Basi. Haibadilishi meno 27 yakawa 28. Weka raundi mbili tatu, uelekeo ule ule wa kukaza, na jino la kwanza la mbele liache wazi, maana kipande cha tepu kikikatika kinaingia kwenye njia ya oili, na njia ya oili huko ndani kuna pahala ni nyembamba kama bua la ufagio wa chelewa. Kwenye oili mie napenda ile gundi ya thredi ya majimaji kuliko tepu.

Kitu chengine cha tepu. Sensa yenye waya mmoja inachukua ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari) kupitia thredi zake. Ukiiviringa tepu kama kidole cha mgonjwa sindano ya geji inakufa au inacheza cheza, unaenda kununua sensa nyengine bure.

Kukaza kwake: kabari nzuri inaingia kwa mkono raundi mbili tatu mpaka isimame, halafu spana raundi moja na nusu hivi, isizidi mbili. Imegoma kwa mkono chini ya mbili, toa. Usiulize, toa.

wete_hiace

Yakhe nami nna langu la huku Pemba. Gari ni Hiace otomatiki, inapanda vilima vya huku na abiria wamejaa, oili ya gia ikawa inanuka kuungua. Nikaambiwa niweke kula (kipoza oili) ya nje mbele ya rejeta. Kula nimeletewa kutoka Dar na fitingi zake za rangi ya buluu na nyekundu nzuri kama za kwenye video, imeandikwa AN-6. Fundi wa hapa Wete akasema fitingi hizi hazishiki popote kwenye Hiace. Nimekaa nazo mwezi. Kuna adapta au niziuze?

Mzee_wa_Rejeta

Usiuze. AN hesabu yake ni rahisi, ile namba ni sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo 6 ni paipu ya 6/16, yaani 3/8, kama milimita 9.5. Thredi yake ni 9/16 yenye meno 18. Na inaziba kwenye kikoni cha ndani, digrii 37, chuma kwa chuma. Pale tepu haramu. Ukiweka tepu kwenye AN unaizuia isikae, utakaza mpaka aluminiamu ipasuke na bado inatoa jasho.

Tahadhari moja tu, zipo fitingi za mafriji na za gesi za kikoni cha digrii 45, na saizi nyengine thredi zake ni zilezile za AN, mfano 3/4 yenye meno 16. Zinafungana vizuri kabisa kwa mkono, mtu anafurahi, kumbe kikoni kimegusana mstari mwembamba tu. Zitavuja. Ndo lile alosema mleta uzi, thredi sawa haimaanishi zinaziba.

Sasa kwa Hiace yako kwani una haja gani ya hizo rangi? Kwenye rejeta kwa chini mna vipaipu viwili vya oili ya gia, vimevikwa mipira na klipu. Presha ya pale ndogo. Nunua mpira wa oili wa saizi ile ile, uuvike kwenye paipu yenye kile kivimbe cha mwisho kinachozuia mpira usichomoke, klipu ikae nyuma ya kivimbe si juu yake. Ule upande wa kula ndo tafuta adapta ya AN-6 kwenda kwenye nipeli (kipaipu cha kuvikia mpira). Adapta mbili tu, umemaliza.

Usivishe mpira wa maji ya rejeta kwenye oili ya gia! Unaonekana sawa, mweusi sawa, lakini ule wa maji ukikutana na oili unavimba unakuwa laini kama ndizi mbivu. Soma ubavuni umeandikwa nini.

Na kama utafungua fitingi iloingia kwenye rejeta yenyewe, shika spana mbili. Moja izuie nati ya upande wa rejeta, nyengine ndo igeuze. Nimeona mtu ametia nguvu kwa spana moja, kile kikoili cha ndani kikajisokota kikapasuka, maji na oili ya gia vikachanganyika. Akafungua kifuniko cha rejeta akakuta kitu cha waridi kizito kama juisi ya mapera. Gia boksi lile halikupona.

wete_hiace

Allah akuweke mzee. Juisi ya mapera imeniingia, sitoisahau. Mpira nitautafuta Chake, hapa wa oili wa saizi hiyo sijauona.

bint_vitz

Samahani kaka zangu, mie sijui magari ila nina Vitz ya kupelekea watoto skuli. Mpira wa breki wa mbele kulia ulipasuka, fundi akaleta wa gari nyengine, akasema thredi ni ile ile M10 inaingia bila wasiwasi. Imeingia kweli kwa mkono mpaka mwisho. Lakini kila baada ya siku mbili oili ya breki inapungua na pale kwenye kiungio panalowa. Juzi akasema ataweka tepu. Nimwache?

Mzee_wa_Rejeta

Mwanangu usiondoke na gari hiyo. Usimwache aweke tepu.

Breki haina tepu, haina gundi, haina adapta ya bomba. Paipu ya breki ya Kijapani mwisho wake umekunjwa mara mbili, umefunguka kama tarumbeta ndogo, na unakaa juu ya kikoni kilicho ndani ya mpira au silinda. Gari nyingi za Ulaya mwisho wa paipu ni kama kitunguu, umevimba, unakaa kwenye shimo lililochongwa kwa kitunguu. Nati ya zote mbili mara nyingi ni M10 pichi 1.0! Kwa hiyo inaingia kama alivosema fundi wako, inaingia kwa mkono mpaka mwisho, na haizibi. Akizidi kukaza ndo anaiponda paipu. Mwambie autoe huo mpira na utie wa Vitz, na aangalie mdomo wa paipu kama haujaharibika, ukiharibika paipu inakatwa inakunjwa upya au inabadilishwa.

Upande wa pili wa mpira, kule kwenye kalipa (kile kinachobana diski ya breki), kama kuna bolti yenye tundu katikati, hiyo inaziba kwa wosha mbili za shaba, juu moja chini moja. Wosha mpya kila ukifungua, bei ya kipande cha mkate.

chaimaharage

Dada skiliza mzee, kodi bodaboda wiki hii.

Mzee hizo wosha za shaba, si tunazichoma moto zikawa nyekundu tunazitia kwenye maji zinalainika tena? Babu yangu alikuwa akifanya hivo kwenye dizeli.

Mzee_wa_Rejeta

Sahihi, shaba ikichomwa inarudi laini, na nimefanya mara nyingi kwenye oili na dizeli. Kwenye breki ya mtoto wa watu nanunua mpya.

FundiBomba_Fuoni

Nimesoma yote, tepu nimeikubali mipaka yake. Swali la oringi sasa. Mie oringi zangu ninazo boksi zima za mabomba, saizi zote. Mtu wa stelingi pampu alikuja juzi nikampa moja, bure. Nimekosea?

Mzee_wa_Rejeta

Inategemea zimetengenezwa kwa nini. Zipo za mpira wa aina ya EPDM, zinapenda maji na oili ya breki, oili ya injini na ya stelingi zinaiogopa, zinavimba. Zipo za naitraili, NBR, hizo kinyume chake, oili na petroli sawa, oili ya breki inaziharibu. Rangi zote nyeusi, huwezi kujua kwa jicho. Za maji mara nyingi ni EPDM. Mtafute huyo mtu.

FundiBomba_Fuoni

Nshampigia. Anacheka, anasema ishaanza kulowa.

kijana_jangombe

Nami naongeza moja kwa wanaokaa karibu na pwani, hizi fitingi za aluminiamu za rangi zikikaa kwenye chuma na upepo wetu wa chumvi, baada ya misimu miwili unga mweupe unatoka na haifunguki tena mpaka uivunje. Nilivunja mbili. Brasi au chuma kilopakwa zinki inastahamili zaidi hapa. Chuma cha pua kwa chuma cha pua nacho usikikaze kikavu, kinashikana kama kimechomelewa.

chaimaharage

Mleta uzi kapotea. Gari ilikuwaje mwisho? Geji ilisoma?

Noah_Kwerekwe

Sikupotea, nilikuwa chini ya gari.

Haya. Kwanza bloki. Nimeazima tapu (si tepu, ni chuma cha kuchonga thredi) ya 1/8 BSPT yenye meno 28 kwa mtu anaetengeneza kompresa, nikaipaka grisi kwenye mifereji yake ili vipande vya brasi vigande huko visiingie ndani, nikaipitisha pole pole kwa mkono, kila robo raundi narudisha nyuma. Zikatoka nyuzi za brasi kama za kushonea buibui. Thredi za bloki zimesimama.

Fitingi nayo nimebadilisha mpango. Ile njia tatu na sensa nzito inaning'inia juu yake niliiacha, jamaa wa kompresa alinambia mtetemo wa injini unaikata shingoni siku moja uko njiani, na oili yote inamwagika ndani ya dakika chache. Nimeweka nipeli ya chuma ya BSPT kwenye bloki, mpira mfupi wa oili wa presha, na mwisho wake kibloki kidogo nimekifunga kwa bolti kwenye bodi, hapo ndo swichi na sensa zinakaa. Kile kibloki upande mmoja ni BSPT ya swichi ya Toyota, upande wa pili ni NPT ya sensa ya Kimarekani, kila mtu na mke wake.

Nikawasha. Sindano imelala sifuri. Nikataka kulia. Nikakumbuka maneno ya mzee, ethi. Sensa imekaa juu ya kibloki kilichopakwa rangi, na mpira haupitishi umeme. Nikakwaruza rangi, nikaongeza waya mmoja mpaka kwenye bodi, sindano ikanyanyuka.

Baridi inasoma bar 4 na nusu. Ikishapata moto, sailensa inasimama juu kidogo ya bar 1, nikikanyaga mpaka raundi 3000 kwa dakika inafika 3 na nusu. Injini haina neno lolote!

Mzee_wa_Rejeta

Sasa taa ilikuwa inametameta nini?

Noah_Kwerekwe

Swichi, mzee. Nilipoitoa nikaona oili imepenya mpaka kwenye plagi ya waya, ilikuwa inavuja kwa ndani yenyewe. Nimenunua mpya ya BSPT, bei yake haifiki nusu ya ile geji. Nimeilaza ubavu kwa ubavu na ya zamani kwenye mwangaza wa dirisha la duka, muuzaji ananiangalia, meno yakaingiliana yote. Nikaifunga kwa mkono raundi mbili na nusu, spana moja na kidogo. Taa imezimika tangu juzi, na boksi la kadi nlilotandika chini ya gari asubuhi limekauka.

bint_vitz

Nimebadilisha fundi. Mpira mpya wa Vitz umewekwa na wosha mpya, paipu alikata akaikunja upya. Leo siku ya tano, oili ya breki ipo pale pale. Ahsanteni sana kaka zangu, na wewe mzee.